O ya Oya

Kabla sijasimulia nilivyofuta maneno ya marehemu, nieleze kwanza kwamba mimi nilikuwa mpiga chapa mzuri. Sijisifu. Pale Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, miaka ile ya vita vya Kongo, watu walipita sekretaria mbili tatu, yaani vyumba vya kuchapia barua, wakija kwetu, maana kwangu barua ilitoka haina kosa na mteja hakusubiri mpaka njaa imuume. Vidole vyangu vilikuwa na haraka kuliko akili, na hilo nalo si sifa.

Sekretaria yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha duka la vitenge, karibu na soko. Mwenye duka, Mzee mmoja Mwislamu mpenda utani, aliinunua ile kompyuta Kigali ikiwa imeshazeeka, akaiweka pale mezani na kuniambia nijilishe kwa kazi yake, nimlishe na yeye. Tuliandika maombi ya kazi, mialiko ya harusi, vyeti vya kila aina, na barua za watu waliotaka kibali cha kuvuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu. Mimi mwenyewe nilizaliwa huko Bukavu. Wazazi wangu walinileta Rwanda baada ya mwaka wa tisini na nne, wakasema tumerudi nyumbani. Wao walikuwa wamerudi. Mimi nilikuwa sijawahi kufika.

Kila siku ya soko alikuja Maman mmoja wa Bugarama, muuza mchele. Alifika na joto la bondeni bado mwilini, akijipepea kwa ncha ya kitenge, akilalamika kwamba huku juu sisi tunaishi ndani ya friji. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyebaki upande wa pili, Kongo. Kijana yule alishika bunduki akiwa na miaka kumi na minane, akafuata wanajeshi, na baba yake alikuwa amemkataza kabisa, alimkataza mbele ya watu, akasimama mlangoni kumzuia. Kijana alimsukuma baba yake, akapita. Tangu hapo walisikia tu kwamba yuko hai, mara yuko porini, mara amehamishwa. Anwani hakuna.

Hata hivyo Maman alimwandikia. Alikaa kwenye kiti cha mteja akasema, nami nikaandika: nani ameoa, nani amezikwa, mpunga wa mwaka huu umevunwaje, mbuzi gani amezaa mapacha. Nilimwambia mara nyingi nimtolee kwenye karatasi akae nazo nyumbani. Alikataa. Karatasi zake zote ziliungua mara mbili, mara ya kwanza kule Kongo, mara ya pili njiani wakikimbia, pamoja na picha za arusi yake. Akasema zibaki humo ndani ya mashine, siku mtoto akija atazisoma zote pamoja. Mimi nikaona ni sawa. Nilimfungulia dosye yake, jalada la peke yake humo ndani.

Halafu mume wake akaugua, akafa. Alikosa masoko mawili. Soko la tatu akaja na nguo nyeusi, akakaa, akaniomba nifunge mlango, na kwa kweli nilidhani anataka kulia. Hakulia. Alisema mume wake alipoona anakata roho alimshika mkono, akamwapisha amfikishie mtoto maneno yake, na yeye akaapa. "Mi nasema hii mara moja," akaniambia. "Kinywa yangu haitairudilia. Andika vizuri."

Nikaandika. Baba alisema: Ukimuona yule, umuambie asifike kwangu. Hata kaburi yangu asiione. Mimi nilikufa bila mutoto mwanaume.

Yalikuwa hayo tu. Nilipomaliza aliniuliza kama yameingia, nikamwambia yameingia. Akashusha pumzi, akatoka kwenda kuuza mchele wake. Mimi nilibaki nimekasirika. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, kwa kumwachia mwanamke mzigo wa namna ile halafu yeye akaenda kupumzika.

Baada ya miezi michache kompyuta ikaanza ukorofi. Ilijizima katikati ya barua. Ukiiwasha inakwama, inanguruma, inaanza upya. Mzee akasema imerogwa na sekretaria ya jirani, lakini aliita fundi wa Kigali. Akaja kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, aliyekulia Uganda. Kifaransa hakuwa nacho hata cha kuombea maji, na mashine yetu ilikuwa ya Kifaransa kuanzia klavye, vile vibonyezo vya herufi, hadi maandishi ya kwenye kioo. Haikumsumbua. Alisema maswali ya kompyuta anayajua kwa mazoea, hayahitaji kusomwa.

Alinieleza ugonjwa. Ni virusi, vimeingia kwenye mfumo wenyewe, hakuna dawa ila kufuta na kuupandikiza upya. Diski ilikuwa na vyumba viwili: cha kwanza kinakaa mfumo, cha pili zinakaa kazi zetu. Cha kwanza tutakisafisha chote, cha pili hatukigusi. Aliniuliza kama nimenakili kazi za muhimu kwenye disketi. Nilikuwa na disketi nne na zote zimeota ukungu, sasa badala ya kukiri nikamjibu kwamba kama chumba cha pili hakiguswi, za nini? Akacheka. Akasema ninyi wa Kongo ni watu wa muziki, kazi hamuijui. Alitania tu, lakini ilinichoma. Nikaapa moyoni kwamba huyu leo atajua mimi ni nani.

Alichomeka disketi yake, ambayo aliitayarishia kwenye mashine yetu hiyohiyo ya Kifaransa, iulize chumba kimoja baada ya kingine kama kifutwe. Swali la kwanza alijibu mwenyewe. Kioo kikawa cheusi, namba zikaanza kupanda pole pole: asilimia moja, asilimia mbili. Tulikaa tukazitazama mpaka zikachosha. Ilipofika themanini na kitu, akakumbuka basi la Kigali, kwamba asipokamata kiti mapema atalala Kamembe. Akavaa koti aende kukata tiketi. Akasema ikimaliza itauliza tena, ya chumba cha pili. Akiwa mlangoni akageuka, akaniambia kwa Kinyarwanda, kwa sababu tangu asubuhi tulikuwa tunaongea Kinyarwanda: "Niyongera kubaza, usubize oya."

Ikiuliza tena, jibu hapana. Hata mtoto wa shule asingekosea hapo.

Namba zikafika mia. Kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba data zote za sehemu ya pili zitapotea, tuendelee? Na mwishoni, kwenye mabano, herufi mbili za kuchagua: O au N. Kifaransa nimekisoma tangu darasa la kwanza. Naota kwa Kifaransa. Najua O ni oui, ndiyo, na N ni non, hapana, na angeniuliza mtu barabarani ningemjibu nikiwa nimelala. Lakini sikioni mwangu lilikuwa limebaki neno moja, oya, na kidole changu kilikuwa kinataka kumaliza kazi kabla bwana mkubwa hajarudi. Oya. Nikabonyeza O. Nikabonyeza na ile ya kuthibitisha, kwa kishindo.

Asilimia moja. Nikatabasamu. Asilimia mbili, na hapo ndipo niliposoma nilichokwisha kujibu.

Nilibonyeza kila kitu kwenye ile klavye. Niliushika waya wa umeme nikauachia, kwa sababu fundi alikuwa amenionya asubuhi kwamba ukikata umeme wakati inafuta, diski inakufa moja kwa moja. Basi nilikaa. Nilikaa nikatazama namba zikipanda, nami nilijua ndani ya namba ngapi kulikuwa na mbuzi, ndani ya namba ngapi kulikuwa na arusi za Bugarama. Sikujua, nasema uongo. Lakini ndivyo nilivyokuwa nahesabu. Mwishoni mashine iliniuliza kwa adabu nataka kukipa chumba kitupu jina gani. Sikukipa.

Fundi aliporudi na tiketi yake mkononi nilimwambia. Nilitegemea anicheke. Hakucheka, na ningependa angecheka. Alikaa, akaanza kuingiza mfumo mpya, akaniuliza tu mara kwa mara maana ya neno fulani la Kifaransa: lugha, nchi, saa, aina ya klavye. Nilimjibu kwa sauti ndogo. Jioni kompyuta iliwaka safi, nyepesi, na Mzee akapiga makofi akasema uchawi wa jirani umekwisha. Nilifungua chumba cha pili. Hakukuwa na kitu. Miaka mingi baadaye nilikuja kuambiwa kwamba siku ile maandishi yalikuwa bado chini mle, kwamba wapo wataalamu wa kuyachimbua, mradi tu usiandike kitu kingine juu yake. Mimi kesho yake niliandika juu yake mialiko mia mbili ya harusi.

Siku ya soko Maman akaja. Alifanya alivyozoea kufanya tangu mume wake azikwe: kabla ya kuanza barua mpya alitazama mashine, akaniuliza, "Iko?"

Nikajibu, "Iko."

Sina la kujitetea. Niliogopa. Niliendelea kumjibu hivyo kila soko, na kila soko lilifanya lile linalofuata kuwa gumu zaidi. Saa za mchana Mzee akienda kuswali nilijaribu kuandika upya barua za zamani kwa kukumbuka, na za mbuzi na mpunga zilinijia nyingi. Yale ya baba sikuyagusa. Si kwamba nilikuwa nimeyasahau. Nilikuwa nayo neno kwa neno, nayo mpaka leo. Lakini kila nikiweka vidole pale, mikono ilikataa. Na kuna jambo lingine, afadhali niliseme: kipande cha moyo wangu kilifurahi kwamba yamefutika. Nilikuwa nafurahi, halafu namkumbuka yule mama na kiapo chake, najichukia.

Vita vilipopoa, watu wakaanza kurudi. Walivuka daraja kwa makundi, wembamba, wengine na godoro kichwani. Siku moja ambayo haikuwa ya soko mlango ukafunguliwa, Maman akaingia, na nyuma yake mwanaume mrefu aliyeinama kupita japo mlango wetu haukuwa mfupi. Alinisalimu kwa mikono miwili. Alikuwa na kovu shingoni na macho ya mtu aliyelala vibaya miaka mingi. Maman alikuwa anang'aa.

"Njo huyu," akasema. "Amefika jana. Hata nyumbani hajalala, alilala kwa shemeji yake. Anasema hawezi kufika kwa baba yake kabla ya kujua baba alimuachia neno gani. Mutolee barua zake."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa mwaka mzima na yote yakaniruka. Nikasema tu ukweli, kwamba hakuna barua, kwamba siku mashine ilipotengenezwa nilizifuta zote kwa kidole changu mwenyewe, na kwamba kila aliponiuliza nilimdanganya.

Maman alinitazama. "Na ile ya baba yake?"

"Na ile, Maman."

Alivuta kiti cha mteja akakaa. Nilingoja anitukane, ningeyapokea matusi yake kwa mikono miwili. Kule dukani Mzee aliyekuwa anapima kitambaa akaacha kupima. Yule mwanaume alikuwa bado amesimama, na sasa alikuwa anamtazama mama yake, hanitazami mimi. Akamuuliza taratibu baba alisema nini.

Maman aliniangalia mimi, na nilimwelewa. Duniani kote tulikuwa wawili tu tuliojua, yeye na mimi. Karatasi haikuwapo. Nilimwona anapima. Kisha akamgeukia mtoto wake.

"Baba yako alisema urudie nyumbani," akasema. "Alisema: akikuja, mumupe kiti yangu akalie."

Mwanaume yule hakuamini. Nilimwona hataki kuamini bure, anaogopa kuhurumiwa. Akanigeukia mimi, mtu baki, nisiye na faida yoyote katika jambo lile, akaniuliza kama ni kweli, kama ndivyo mama yake alivyoniandikisha.

Nilimtazama usoni. "Ndivyo," nikasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika."

Akachuchumaa palepale sakafuni, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Maman alimwekea mkono kichwani. Mkono wake mwingine, ule ambao marehemu aliushika akimwapisha, ulikuwa wazi juu ya goti lake, na alikuwa anautazama. Akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa anasema na sisi:

"Unisamehe, papa ya batoto."