Mizani ya Pamba na Ukuta wa Lambo

Miaka ile tuliambiwa maendeleo tuchangie wenyewe, kwa hiyo kijijini kwetu, mbele kidogo ya Usagara, tukaanza kujenga lambo la kunyweshea ng'ombe. Fundi sanifu wa maji alikuja na pikipiki kutuelekeza.

"Ukuta wa lambo hausimami kama wa nyumba," alisema. "Unalala. Chini mnene, juu mwembamba. Maji yanasukuma, na kule chini ndiko yanakosukuma zaidi."

"Kumbe nayo ni Wasukuma!" mzee mmoja akadakia. Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Bibi yangu hakucheka. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya ukuta, na mwenyekiti wa kijiji alishasema: hesabu ikionyesha ukuta hautoshi, bibi ahame kabla ya mvua.

Fundi akanionyesha kanuni ya kulinganisha uzito wa ukuta na msukumo wa maji, akaniachia nipime uzito wa udongo wa kujengea mpaka atakaporudi. Mimi, wa darasa la saba, niliyezoea kujiita injinia mbele ya mbuzi! Nilijaza ndoo udongo ulioshindiliwa, nikaupeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale wa binafsi walioanza kuja na malori yao. Nikachora hesabu chini kwa kijiti, nikazidisha, nikafuta kwa mguu, nikarudia. Wapi! Kila nikimaliza, maji yanashinda.

Nilikwenda kwa bibi moyo umenywea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akaitikia. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. "Mbona uso kama umefiwa na ng'ombe?"

"Ukuta ni mwepesi, bibi. Itabidi uhame."

"Mume gani anamhamisha mkewe kwa ajili ya ndoo ya udongo? Umeipima wapi?"

"Kwa mnunuzi wa pamba."

Bibi akaweka ungo chini taratibu.

"Mizani ile ile? Imekula pamba yangu msimu mzima, wewe ukaipelekea udongo ukadhani itaona kinyaa?"

Tukaongozana, mimi nimejitwisha mfuko wa saruji uliokuwa wa kujengea njia ya kutolea maji ya ziada. Mfuko umeandikwa kilo hamsini. Mizani ikasema arobaini.

"Ni joto hili," mnunuzi akajitetea.

"Pole, baba," bibi akamwambia. "Kumbe joto linakondesha hata saruji."

Nikapiga hesabu upya, safari hii ukuta ukashinda. Fundi aliporudi akapima mwenyewe, akaipitia hesabu yangu, akaongeza udongo upande wa bondeni kwa tahadhari, kisha akamwambia mwenyekiti bibi abaki kwake.

Mvua zilipokuja lambo likajaa hadi ng'ombe wakashangaa. Nilikimbia ukutani, nikaukagua wote, nikashuka kwa bibi nimelowa chapachapa. Alikuwa amejifunika shuka gubigubi.

"Yanasukuma?" akauliza.

"Yanasukuma kwelikweli."

"Na ukuta?"

"Umelala, bibi."

"Basi na mimi niache nilale. Funga mlango, unaniingizia baridi."