Sanduku Moja la Posta, Achieng Wawili

Enzi zetu hatukuwa na Wi-Fi, lakini asituambie mtu kwamba hatukuwa na mtandao. Wenzangu mliosomea kule kwenye mashamba ya miwa nje ya Awendo mtanishuhudia: mtandao tulikuwa sisi wenyewe, na miguu yetu isiyojua viatu.

Kijiji kizima kilitumia sanduku moja la posta, la shule ya msingi. Barua ya baba aliye Nairobi, ya shangazi, hata ya korti, zote zilikuja kwa namba hiyo moja. Ijumaa kwenye paredi Mwalimu Ogola, naibu wa mwalimu mkuu, aliita majina. Ukiitwa, unaibana barua ndani ya daftari jasho lisiifikie, unaipeleka nyumbani huku unatafuna muwa uliouchomoa kwenye trela. Mama alizoea kusema, "Chelewesha chakula changu, usicheleweshe barua ya mtu."

Nilipomaliza darasa la nane nilingoja barua ya kuitwa sekondari. Ijumaa ya kwanza malaria ilinilaza. Mbili zilizofuata nilisimama paredi, sikuitwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Baba akasema kama haijaitwa, haikuja, basi nirudie darasa. Mama hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo. Alijifunga leso, akanishika mkono hadi kwa Mwalimu Ogola.

"Barua zilitoka posta?"

Zilitoka.

"Zikafika kwako?"

Zilifika.

"Ya Achieng Otieno ulimpa nani?"

Mwalimu akafungua daftari lake. Alimpa Achieng Otieno, Ijumaa ile ya malaria. Ila tulikuwa wawili. Sote tulizaliwa jua likiwa utosini, ndiyo maana ya Achieng, na kwetu majina hayo hayana mwenyewe.

Tukavuka mto hadi kwao. Mwenzangu alikuwa ameshanyolewa nywele za shule. Mama aliomba kuiona barua, akatazama namba ya mtihani. Jina lilikuwa letu sote, namba ilikuwa yangu. Achieng alinipa kwa mikono miwili, akaingia ndani. Nilifurahi nikaona haya papo hapo, na haya hiyo haijaniisha.

Sasa juzi, hapa nyumbani Suna, kompyuta yangu ikakataa mtandao. Binti yangu Lavender, ambaye ni kama alizaliwa na simu mkononi, akaniambia, "Mum, wacha tu niite fundi. Hizi vitu za IP huwezi elewa."

Siwezi? Router, kile kisanduku kinachotugawia mtandao nyumbani, ni Mwalimu Ogola mtupu! Kwa watu wa nje nyumba nzima ina namba moja. Ndani, yeye ndiye anayegawia kila kifaa anwani yake, ndiyo hiyo IP, na kujua ujumbe huu ni wa nani. Nikauliza maswali ya mama, moja baada ya jingine. Simu inashika mtandao wa nyumba, basi laini ya nje ni nzima na router ni nzima. Nikafungua kompyuta: anwani yake ndiyo ya televisheni, Achieng wawili tena. Na nani aliiandikia televisheni anwani kwa mkono? Lavender mwenyewe, ili filamu zake zisikwame. Nikaifuta anwani hiyo ya televisheni, nikaiacha router igawe yenyewe, na mtandao ukarudi. Binti yangu akairudisha simu mfukoni; fundi hakuitwa.

Kwa hiyo vijana, mtucheke kwa mengine. Siku hizi ujumbe ukipotea njiani, mashine hutuma mwingine kabla hujapepesa jicho, na hakuna anayejua kwamba kuna kilichopotea. Ni vizuri, sikatai. Sisi barua ilikuwa moja, na ya kwako ulikuwa tayari kuipigania.

Jumatatu ile niliripoti bweni. Achieng mwenzangu aliendelea kuja paredi Ijumaa baada ya Ijumaa kungoja yake, mpaka Mwalimu Ogola akawa anaita majina bila kuinua macho.