Mfalme Asiye na Pa Kwenda

Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimebeba mchanga, nimeuza simkadi, nimeuza ndizi kando ya barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu nikiangalia ndege zinavyopaa. Sijawahi kupanda hata moja. Sataranji nilijifunza kwa kusimama nyuma ya wachezaji. Ninachokijua tangu utoto ni dame, yaani drafti, tuliyoicheza kwa vifuniko vya chupa mtaani kwetu Cimpunda.

Jumapili moja, katika ukumbi wa parokia Muhumba, nilishangaa mwenyewe kufika mchezo wa mwisho wa mashindano ya sataranji. Mshindi angepanda ndege kwenda Kinshasa. Mpinzani wangu, mwalimu wa hesabu na bingwa wetu wa miaka mingi, alinizidi nusu pointi. Sare ingemtosha. Mimi nililazimika kushinda.

Alicheza haraka, kama anayesahihisha madaftari. Ghafla farasi wangu akawashambulia mfalme na malkia wake kwa pamoja. Alivua miwani, akamsogeza mfalme, nami nikamla malkia. Saa moja baadaye alibaki na mfalme tu, kwenye kona. Mimi nilikuwa bado na malkia.

"Papa mwalimu, leo utarudia darasa!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Petit, kijana, umumalize!" mwingine akanihimiza.

Niliona mraba mmoja ambao ungemziba pande zote. Nikamweka malkia pale, nikaachia.

"Papa, umefungwa. Hauna fasi ya kwenda."

Mwalimu alimwita mwamuzi kwa kidole.

"Kweli, mufalme haina fasi," mwamuzi akasema, "lakini hakuna kitu inamushambulia. Hii iko pat. Ni sare."

"Mwenye kukosa njia si anapoteza?"

"Ku dame, petit. Hapa ni sataranji."

Ukumbi ukacheka. Nilitaka kumsogeza malkia mraba mmoja tu, lakini nilikuwa nimeshamwachia. Mwalimu akanishika bega.

"Ungenifunga," akasema polepole. "Nilikuwa naomba Mungu tu ukumbuke dame."

Hata kumkasirikia sikuweza.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kavumu na beseni langu la ndizi ndege iliyombeba mwalimu ilipopaa. Mama mmoja aliniuliza bei mara mbili. Sikumsikia. Nilikuwa bado natafuta mraba wa kumweka malkia.