Gesi Isiyoisha

Fundi alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko hata jina alilopewa na wazazi wake: gesi ya nyumbani kwake haiishi. Kila kijiji alichokwenda kuchimba shimo la samadi la kutoa gesi ya kupikia na kulijengea kuba, aliwaambia wenyeji, "Mimi nina ng'ombe wawili tu, na mtambo wangu sijawahi kuuona mtupu. Njooni mwone." Nao walikuja. Aliwaingiza jikoni, akawaonyesha mpira wenye maji ukutani, ule unaopima gesi, maji yamepanda hadi alama ya juu. Kisha akamwita mkewe. "Waambie wewe."

"Haiishi," mkewe alisema, akakohoa, akatoka.

Mtambo wenyewe Fundi aliujenga kwa sababu ya kikohozi hicho. Daktari hakuzunguka: kifua cha huyu mama kimechoka na moshi, akiendelea na kuni hafiki mbali. Basi Fundi, mtu wa kujenga vyoo na matangi ya watu, akajifunza kazi mpya ukubwani. Alichimba siku kumi na nne kwa mikono yake, akapiga lipu ndani ya kuba mara tatu, akanunua jiko la plate mbili linalong'aa. Siku mkewe alipowasha ule moto wa buluu mara ya kwanza, alicheka mpaka akakaa chini. Kuna wanaume wamewajengea wake zao maghorofa na kicheko cha namna ile hawajawahi kukisikia.

Mwaka ukapita, kikohozi kipo pale pale. Fundi akalaumu vumbi, akalaumu baridi, mwishowe akamlaumu daktari kwamba ni mbabaishaji. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa haonekani, wiki mbili, wiki tatu, yuko kwenye mitambo ya watu. Akirudi anapikiwa chai kwa gesi, anautupia jicho ule mpira, umejaa, moyo unatulia. Asubuhi moja ya Jumanne kifua kikambana mkewe, na hakikumwachia tena.

Siku ya maziko wanawake walijaa uani. Wakaliteka jiko la zamani nyuma ya nyumba, wakapasua kuni, na moshi ukaingia mpaka chumba alimolazwa marehemu. Fundi akatoka, akamwendea dada yake mkubwa aliyekuwa akisimamia masufuria.

"Dada, nakuomba. Jiko lake liko ndani, gesi imejaa. Leo tu, asifukiziwe moshi."

"Mdogo wangu, hawa watu wametoka mbali," dada akasema, mkono haukuacha kukoroga. "Unataka walale njaa? Chakula cha mavi ya ng'ombe hakuna atakayekitia mdomoni."

"Mbona mwaka mzima mmekula hapa? Hata wewe umekula."

Dada akauweka mwiko chini. "Nimekula cha kuni. Ukiwa safarini wifi alikuwa anapikia wapi? Hapa hapa."

Akamweleza kwa sauti ya chini. Mwezi ule wa kwanza wifi alimpelekea chakula jirani aliyejifungua. Bakuli likarudi jioni na kitambaa kimefungwa vile vile alivyokifunga yeye. Ikafika zamu yake ya kupikia kikundi, wanawake wote wakawa wameshiba makwao. Watoto walikatazwa hata maji ya kunywa kwake. Akavumilia wiki sita. Halafu watu wakaona moshi unafuka nyuma ya nyumba, wakaanza kurudi, mmoja mmoja.

"Mtu ni watu," dada akasema. "Alituomba tusikwambie. Alisema utavunjika moyo."

"Na akikohoa mlikuwa mnasikia?"

"Tulikuwa tunasikia."

Fundi akaingia ndani. Jiko lilikuwa jipya kama lilivyotoka dukani, plate ya pili haina hata doa la mchuzi. Akautazama mpira ukutani. Mwaka mzima aliusoma kama cheti cha kazi yake, na fundi mzima, mwenye akili zake, hakujiuliza hata siku moja: gesi inayopikiwa kila siku itajaaje namna ile? Mganga hajigangi, wanasema. Huyu hata mgonjwa hakumtazama. Akawakumbuka wateja waliokuwa wakimpigia simu kumshukuru, Fundi, gesi imejaa tele, naye akifurahi. Alikuwa amejenga mitambo kumi na mmoja.

Watu walizika, wakala, wakashiba, wakasifu mapishi. Mwanamume mmoja wa kijiji cha pili akamsogelea Fundi, akampa mkono wa pole, akashusha sauti.

"Msiba ukipita, nataka unichimbie na mimi. Hivi ni kweli ya kwako haiishi?"

"Haiishi," Fundi akasema. "Kawaulize kwanza majirani zako kama watakula kwa mkeo. Wakikataa, mnunulie kuni na sanda safari moja."