Mkono Ndani ya Kiatu

Fundi viatu huyu watu walimwita Soli, na jina lilimganda hadi mkewe naye akalizoea. Alikaa barazani, ubavuni mwa duka la kinyozi, chuma cha kugongea mapajani na vijimisumari vimebanwa midomoni, kiasi kwamba ukimsalimia asubuhi alikuitikia kwa nyusi. Kazi yake haikurudishwa na mteja, na sababu ilikuwa desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiiruka. Kabla ya kumkabidhi mtu kiatu, aliingiza mkono mtupu ndani, akaupeleka hadi kwenye vidole, akapapasa taratibu kutafuta ncha ya msumari iliyochungulia. Wenye haraka zao walisonya. Yeye hana habari nao.

"Mguu ukichomwa ni wako," aliwaambia, "lakini jina litakaloharibika ni langu."

Ugonjwa ulimjia kwa kiu. Alikunywa maji kama aliyekula chumvi tupu, kisha kila baada ya muda mfupi anaomba ufunguo wa choo cha kinyozi. Kinyozi, mtu asiyeweza kumwona mwenzake akipumua bila kutia neno, alimwambia bora ahamishie kigoda humo humo. Mkewe Soli hakuona cha kuchekesha. Alimkokota hadi zahanati, damu ikapimwa, wakaambiwa ni kisukari, ile aina ya pili inayomnyemelea mtu polepole huku mwenyewe hana hili wala lile.

Kuhusu chakula, alikubali yaishe. Mkewe alipunguza wanga kwenye sahani na pengo lote akalijaza majani.

"Siku hizi mimi ni mbuzi?" aliuliza Soli.

"Mbuzi angeshukuru."

Chai isiyo na sukari aliinywa amekunja uso, lakini aliinywa. Vidonge alimeza, na kazini akaanza kwenda kwa miguu. Kwa hayo yote alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano, na angebaki hivyo kama wasingemgusia habari ya miguu.

Siku ile ile ya kwanza kule zahanati, muuguzi, binti mpole mwenye sauti ya chini, alimlaza kitandani, akamvua viatu na soksi, akachukua uzi mwembamba wa plastiki.

"Fumba macho, baba. Popote utakaposikia nimekugusa, sema ndiyo."

Soli alifumba, lakini si sana. Alimchungulia muuguzi kupitia kope, na kila mkono ulipoinama kwenye unyayo akasema ndiyo. Alisema ndiyo kila mahali, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Kaka yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, na tangu hapo kila alipokuja kubadilisha soli alileta kiatu kimoja. Soli aliamini kwamba safari ya kufika huko huanzia pale mtu wa zahanati anapoona kitu. Basi asione.

Muuguzi akaridhika. Hata hivyo aliwaagiza wakague nyayo kila jioni, maana mguu wa mwenye kisukari unaweza kuumia bila kumwambia mwenyewe. Jioni hiyo mkewe alikuja na tochi. Soli akaificha miguu chini ya kiti.

"Mama, mimi miguu ndiyo kazi yangu. Leo unifundishe miguu?"

Mkewe alishindana naye siku kadhaa, akachoka.

Sasa sikia alichofanya mtu huyu mwenye desturi yake. Asubuhi moja kiatu chake cha kazini kiliachama soli. Akakigeuza juu ya chuma, akagonga msumari mara mbili tatu, akakivaa, akaendelea na kiatu cha mwalimu mmoja aliyekuwa akimsubiri. Cha mwalimu alikipapasa mpaka mwisho. Chake hakukitia hata kidole. Mteja alikuwa yeye mwenyewe, na huyo hakuwahi kumheshimu.

Alishinda nacho, akarudi nacho nyumbani kwa miguu, akakivua mlangoni, akaenda kukaa. Mkewe alikuwa anadeki.

"Nani kaumia humu?"

"Wapi?"

"Hapa sakafuni, damu. Umejikata mkono?"

Soli akaangalia mikono yake. Mkewe akaangalia ya kwake. Wakatafutana hivyo, mzima na mzima, mpaka mkewe alipofuata matone kutoka mlangoni yakamfikisha kwenye kiti. Akauinua mguu wa kushoto. Soksi ilikuwa imelowa unyayoni, na katikati pana tundu.

Soli aliomba aletewe kiatu. Akaingiza mkono, na kidole kikagota kwenye ncha.

"Lakini hauniumi," alisema, akacheka. "Hauniumi hata kidogo."

Kisha akasikia alichosema, na kicheko kikamkauka.

Kulipokucha walikuwa wa kwanza zahanati. Muuguzi alisafisha kidonda, halafu akasema, "Siku ile ulisema unasikia kila mahali."

"Nilikuwa naangalia mkono wako, binti yangu."

Muuguzi hakumgombeza, na hilo lilimchoma Soli kuliko kugombezwa. Alimwambia bila kumung'unya maneno: kidonda kikifunga, mguu upo. Kikizidi kuchimba, atapelekwa hospitali kubwa. Soli hakuuliza huko wanafanya nini.

Akakatazwa kuukanyagia mguu ule. Alishinda nyumbani ameuegemeza kwenye mto, mkewe akimfunga bandeji na kukagua kwa tochi bila kuomba ruhusa tena. Kinyozi, kwa domo lake lote, ndiye aliyebeba viatu vya wateja kuvileta na kuvirudisha, akilalamikia harufu njia nzima. Kidonda kilitulia, kikatisha, kikatulia tena. Mwishowe kingo zikakauka, pakabaki kovu dogo.

Siku ya kuruhusiwa kuukanyagia, muuguzi alishika tena ule uzi. Mkewe Soli akasogea kitandani, akamfunika mumewe macho kwa kiganja.

"Huyu simwamini," alisema.

Soli akalala, akasikiliza kwa unyayo kwa nguvu zake zote. Alisubiri. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi. Akaendelea kusubiri, mpaka ikawa kama anachezewa.

"Anza basi, binti yangu. Mbona unaniweka?"

Muuguzi aliusimamisha uzi.

"Wa kushoto nimeshamaliza, baba. Sasa niko katikati ya wa kulia."

Mkewe hakuondoa kiganja, kwa sababu Soli alikuwa analia, na hakutaka muuguzi amwone.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anarudi barazani. Alikaa mlangoni na viatu vyake, sasa vimeshonwa kwa uzi mtupu bila msumari hata mmoja. Akaingiza mkono kimoja baada ya kingine, akapapasa hadi kwenye vidole. Havikuwa na kitu. Hata hivyo hakuvivaa, maana sasa hata mkono wake hakuuamini. Alimwita mkewe, akamnyooshea vyote viwili.

"Pitia na wewe," alisema. "Anza na cha kushoto."