Serum Yenye Nilimunyima Yaya

Kwetu Butembo, mugonjwa bila serum si mugonjwa. Ile chupa ya maji ikitundikwa juu ya kitanda, familia inapumua, na mwenye kuilipa anatembea kifua mbele. Hata mwenye kuteguka kidole anaidai. Mimi masomo yangu yaliishia kwenye kuandika jina, nyumba zangu za mutaa wa Kimemi nilizijenga kwa kuuza maharagwe, lakini ujinga ule haukuniingia.

Yaya yangu, yule dada yangu mukubwa alinilea kisha ya mama kufa, figo zake zilikuwa zimechoka kabisa. Asubuhi uso umevimba, mangaribi miguu. Mashini ya kusafisha damu ilikuwa Uganda, na barabara ya Kasindi, ya kufika mupakani, ilikuwa ya basoda na bunduki zao. Ndege za uwanja wa Mavivi nazo zilikuwa za basoda hao hao. Juu ya hiyo, ernia yake ya zamani, ile ngiri ya tumboni, ikakaza, utumbo ukanaswa ndani, akaanza kutapika.

Munganga mupasuaji wa hospitali, mutu wa Kasai, hakunipambia maneno.

— Muzee, nisipomupasua, utumbo utaoza, atakufa. Nikimupasua, anaweza kunifia mezani. Dawa ya usingizi itakawia mwilini, damu haitaganda vizuri, na moyo unaweza kusimama tu.

— Pasua.

— Lakini hatari ingine inakuja kisha. Maji. Nikimutia mengi, hana pa kuyatolea. Yatapanda kwenye mapafu, atazama hapo kitandani. Nitamupimia mimi mwenyewe. Mutu mwingine asiguse.

Akamupasua. Yaya akaamuka. Mimi nikakaa mulangoni na fimbo yangu.

Ndipo familia ikafika. Wa kwanza alikuwa muke wa mudogo wangu, mama wa chama cha sala, kinywa kama mashini ya kusaga.

— Aa! Hata serum moja? Na manyumba yote ile, yaya yako analala mukavu kama makayabo, samaki ya chumvi ya soko?

— Munganga amekataza.

— Ule mutu wa Kasai anajua nini juu ya damu yetu Banande?

— Tangu lini Munande ana mapafu ya samaki? nikamuuliza.

Kisha akatokea binamu yetu, mutu wa douane, wa kulipisha ushuru kule Kasindi, viatu vinangaa kuliko akili. Alileta carton nzima ya serum, na nyuma yake infirmier, muuguzi alimuokota sijui kliniki gani, sindano tayari mukononi.

— Vieux, muzee yangu, wewe ni mutu ya maharagwe. Achia batu ya bureau, batu ya kalamu.

— Vizuri. Kunywa kwanza carton yote, hapa, mbele yangu. Kisha nikufunge njia ya mukojo na kamba. Ukiwa muzima kesho, nitafungua mulango.

Bagonjwa ya chumba jirani bakacheka mupaka mumoja akashika mushono wake. Infirmier akarudisha sindano mufukoni. Toka kitandani yaya akasema, sauti kama karatasi:

— Carton yako, uoge nayo. Mudogo wangu, nipe kitambaa.

Nikalowesha kitambaa, akakinyonya. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yake yote. Asubuhi kulikuwa na mukojo kidogo ndani ya beseni, mweusi kama chai, na munganga akauangalia kama batu banavyoangalia dhahabu.

Alirudi nyumbani. Akalima, akapanda, akavuna. Kisha figo zikamaliza, kama munganga alivyosema zitamaliza.

Kwenye matanga binamu akasimama na koti yake, akatoa hotuba: donc, basi, kama tungemupa serum siku ile, leo tungekuwa naye. Batu bakatikisa kichwa. Muke wa mudogo wangu akanionyesha kidole:

— Ule pale ndiye alimunyima!

Ndiyo, ni mimi. Sikusimama, nilikuwa ninakula. Yalikuwa maharagwe ya yaya, ya shamba alilolima na mushono wake tumboni. Binamu alihutubu, akakaa, akaomba bamuongezee sahani.