Namba ya Mama

Simu mpya iliniandikia kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa akaunti ya barua pepe ni yangu. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni kwangu Kerege, huku Pwani, mwiko mkononi, na hasira ikanipanda. Nimesomesha watoto wa watu mpaka nikastaafu, leo kidude cha kuchaji kinaniuliza mimi ni nani!

Nywila nilikuwa nimeisahau, sikatai. Simu ya zamani ilikuwa inaifungua barua pepe yenyewe bila kuniuliza, na mimi nikaacha kuikumbuka. Kisha ile simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia, ikafa na kila kilichokuwamo.

Binti yangu, anayeishi Dar, aliniambia nifungue akaunti nyingine.

"Ni dakika moja tu, mama. Achana na hiyo."

Sikuachana nayo. Humo ndani mlikuwa na sauti ya mama yangu. Mwaka wake wa mwisho alikuja kukaa nami, na siku moja nilimrekodi kwa siri akinigombeza kwa sababu nilitia nazi kwenye mchicha. Nilijitumia rekodi ile kwenye barua pepe ili nicheke baadaye. Hayupo tena, na sauti yake nyingine sina. Picha ninazo tele, lakini picha haigombezi mtu.

Njia ya kurudi ilikuwa moja. Wale wenye barua pepe walikuwa tayari kutuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba niliyowaandikisha zamani, na namba hiyo ilikuwa ya mama. Niliichagua mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa tunabadili laini kila tukiona ofa, mama hakubadili hata mara moja. Alipofariki laini ililala bila kutumika, kampuni ya simu ikaifunga, kisha ikampa mtu mwingine.

Niliipiga. Ilipoita nilitega sikio nimsikie mama, maana akili ilijua na moyo haukujua. Akapokea mwanamke mtu mzima.

"Nani mwenzangu?"

Nikamwamkia, nikajieleza, nikamwomba kwamba zikiingia tarakimu anisomee. Hapo nikawa nimejimaliza. Nchi hii nani hajawahi kupokea simu ya tapeli wa namna hiyo?

"Mwizi mkubwa we! Tena kwa sauti ya kike!"

"Mimi si mwizi, mama. Namba hiyo ilikuwa ya mama yangu mzazi, ameshafariki."

"Wote mna marehemu nyie. Kama kweli, njoo Miono uniambie usoni. Tapeli hana miguu."

Akakata. Binti yangu alidhani sasa nitatulia. Asubuhi yake nilivaa viatu vya kamba nikaenda Miono kuonyesha miguu yangu.

Nilibadilisha magari, kipande cha mwisho nikapanda bodaboda, vumbi likanijaa mpaka kwenye kope. Nilipofika karibu na soko nikampigia tena, akanielekeza kwake kwa sauti ya mtu asiyeamini. Nilimkuta uani anapepeta mahindi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo pamoja na hasira zangu zote nilimwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama viatu kwanza. "Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Akaweka ungo chini. "Kumbe ni wewe! Tangu nipewe laini hii napigiwa simu na watu wa bara wanamuulizia bibi wa Kinyamwezi. Nawaambia nimemuuza!" Akaninyang'anya mwavuli wangu, akaufungua, akakaa chini yake kama wake. "Mimi Mkwere. Mtani wangu we, umekuja mikono mitupu?"

Hapo nikajua nimefika. Mnyamwezi na mtu wa Pwani ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikutukana amekukaribisha.

"Mkwere gani ana simu?" nikamwambia. "Uliiokota?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniwekea simu yake mapajani.

Niliomba tarakimu. Zikaingia kwenye simu yake, akazisoma moja moja kwa sauti ya kutangaza, nami nikazibonyeza. Nikaweka nywila mpya. Barua pepe ikafunguka pale pale uani, na rekodi ilikuwamo. Nikaibonyeza.

"Nazi, nazi! Kesho mtaitia hata kwenye chai! Watu wa Pwani wamekuroga, mwanangu, hujui tena mboga ina ladha gani. Hebu toa hicho chungu mbele yangu!"

Nililia. Sikujificha, nililia kwa sauti. Lakini mwenyeji wangu alikuwa ameshasimama, mkono kiunoni, anaielekezea simu kidole.

"Nyoo! Mnyamwezi usiye na haya! Umekufa bila kuniaga, na bado unatukana mboga yetu? Huko uliko unakula nini, majani makavu?" Akanigeukia. "Alizikwa na mtani?"

Nikamwambia hapana. Tulimzika kwetu bara, kijiji kizima Wanyamwezi watupu. Kila mtu alilia, na hakukuwa na mtani wa kuutania msiba kama ilivyo desturi.

"Huo haukuwa msiba," alisema. "Rudia."

Nikairudisha rekodi mwanzo. Mama akagomba, naye akamjibu neno kwa neno, kisha akajilaza mlangoni akaapa haamki mpaka marehemu aombe radhi. Huo ndio ulikuwa msiba wa mama yangu, na mimi nilicheka ndani yake kwa mara ya kwanza. Mchana tulikula mchicha wa nazi. Niliondoka bila mwavuli, kwa sababu aliukatalia.

Sasa hunipigia siku za Jumapili, ananiuliza kama sisi Wanyamwezi tumeshajifunza kupika. Namba ile nimeihifadhi kwenye simu mpya kwa jina lake la zamani, Mama. Binti yangu anasema inatisha, neno hilo kujitokeza kwenye kioo na simu kuita, na bibi yake yuko kaburini. Ananiambia nilibadilishe.

Nimekataa. Ikiita napokea, na natukanwa kama zamani.